Ulimi Wangu Unakunjika, wa Baba Haukunjiki

Shikamoo Shangazi Eufrazia. Nakuomba unijibu kabla ya Jumapili ijayo, maana sina mtu mwingine wa kumwambia, na kila nikimwangalia baba natamani kulia.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi Keza hapa Ngara, na somo ninalolipenda kuliko yote ni baiolojia, sasa tulipofika mada ya urithi nikasoma kwamba uwezo wa kukunja ulimi kama mfereji mtu huurithi kwa wazazi, basi jioni tukimenya ndizi nikawaomba wote watoe ulimi, baba akashindwa, mama akashindwa, mdogo wangu Matiasi naye akashindwa, mimi peke yangu nikaweza, Matiasi akapiga kelele, "Dada ana ulimi wa mjusi!" na mama akacheka mpaka kisu kikamdondoka, akasema, "Huyu walinibadilishia kule zahanati!" Wote wakacheka isipokuwa mimi.

Nikaomba simu ya mama nikatafuta, nikakuta ukurasa wa mtu anayejiita daktari wa vinasaba, ameandika kwamba wazazi wasiokunja ulimi hawawezi kumzaa anayekunja, ukiona hivyo ujue baba yako ni mwingine, kisha ameweka namba ya simu ili umtumie nywele za mzazi kwa basi akupimie, na mimi Shangazi nimeshaziokota kwenye kofia ya baba nikazifunga kwenye karatasi.

Jumapili hiyo mimi na baba tunakwenda Mabawe kwa pikipiki kumwona bibi mzaa baba, ambaye anaumwa, na kwake kila mjukuu husimama akataja majina ya mababu kuanzia baba yake kurudi nyuma, lakini nitayatajaje kama si wangu? Nimesema kichwa kinaniuma siku hizi, siendi. Baba akaniuliza polepole, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji.

Je, nimuulize mama? Nitume zile nywele? Na nitajuaje ukurasa upi mtandaoni unasema kweli?

Nimpaye, Keza

*

Marahaba, Nimpaye. Pole sana, mwanangu. Barua yako nimeitanguliza kwa sababu ya safari hiyo.

Futa machozi. Ulimi wako hausemi lolote kuhusu baba yako. Mfano huo umetumika miaka mingi madarasani kwa kuwa ni rahisi, lakini watafiti wamekuta hata mapacha waliotoka yai moja, mmoja anakunja ulimi na mwenzake hawezi. Jambo hilo haliamuliwi na jeni moja. Wazazi wasioweza wanazaa watoto wanaoweza, na hakuna aliyedanganywa.

Sasa nikugombeze kidogo. Msomaji kama wewe unamwaminije mtu asiyetaja jina lake kamili wala alikosomea, anayekutisha mwanzoni mwa ukurasa na kukuuzia kipimo mwishoni? Hilo ni duka, si darasa. Nywele za baba zitupe leo. Na swali hilo usimpelekee mama, utamuumiza kwa kosa ambalo hakulifanya. Yeye alikuwa anatania.

Ukitaka kujifunza, anza na maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, vitabu vya shule vimo bure. Kwa urithi wa binadamu fungua MedlinePlus, sehemu ya jenetiki. Inatolewa na maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, haikuuzii kitu, na inaonyesha maelezo yake yametoka wapi. Ni ya Kiingereza, kwa hiyo kaa na kamusi. Jambo zito usiliamini mpaka ulikute sehemu mbili ambazo hazijanakiliana, halafu mpelekee mwalimu wako wa baiolojia. Unaona aibu kunyoosha mkono? Andika swali kwenye karatasi, mwachie mezani.

Lakini kabla ya hayo yote, baba yako anasubiri jibu. Mwambie hakukukosea kitu. Jumapili panda naye pikipiki mwende Mabawe, usimame mbele ya bibi yako, uyataje majina yote kwa sauti asikie, ukianza na la baba.