Simu Iliyosubiri Mchezo Uishe

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana sili nikashiba wala silali. Mimi ni mdakaji wa timu yetu ya besiboli hapa mjini, ndiye ninayechutama nyuma ya mpigaji na kudaka mipira ya Corey Lindqvist, kijana wa Minnesota, mrushaji tunayemtegemea msimu huu, na mwezi Julai, mchana, tulicheza ule mchezo ambao watu bado wanauzungumza, kwani hadi awamu ya sita kati ya tisa hakuna mpinzani hata mmoja aliyekuwa ameupiga mpira wake akafika hata kituo cha kwanza cha kukimbilia. Mila yetu unaijua. Mrushaji akiwa katika hali ile hasemeshwi, hakai mtu karibu naye, anaachwa peke yake mwisho wa benchi, bahati yake isije ikavunjika.

Basi akaja Gus, mzee anayetunza chumba chetu cha kubadilishia nguo, anahema, simu mkononi. Dada yake Corey alikuwa anapiga kutoka hospitali, baba yao amezidiwa, anataka kusikia sauti ya mwanawe. Nikamzuia Gus mlangoni, kabla hajalifikia benchi.

"Nipishe, mwanangu. Ni baba yake huyo."

"Gus, una wazimu? Ukimsemesha sasa umemharibia! Zimebaki awamu tatu tu."

"Na mzee je? Yeye amebakiwa na ngapi?"

Sikumjibu, nilimwambia tu amwombe dada asubiri, nikarudi kuchutama, na Corey akamaliza awamu zote tisa bila kupigwa, tukamrukia, tukammwagia maji, akawa anacheka, kumbe baba yake alikata roho tukiwa awamu ya nane. Kwenye mazishi dada yake alimtajia saa aliyopiga na kwamba Gus ndiye aliyepokea, Corey akaamini Gus ndiye aliyeukalia ujumbe. Juzi alisema mbele yetu sote, "Kizee yule kaninyima kumuaga baba yangu. Aondoke yeye au niondoke mimi." Uongozi unamwachisha Gus kazi Jumapili, baada ya miaka thelathini na mmoja, na Gus hajanitaja kwa mtu, bado ananifulia jezi. Jumamosi Corey anarusha katika mchezo wa kuamua kama tutaingia fainali. Nimwambie sasa, nivuruge msimu wa wenzangu, au nisubiri mchezo uishe? Ule mpira wa mwisho wa mchezo wa Julai alinipa mimi, ameandika juu yake, "Kwa aliyenilinda." Siwezi hata kuutazama.

Mdakaji mwenye aibu

*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika zaidi. Unaniuliza kama usubiri mchezo uishe. Swali hilohilo ulijijibu mwenyewe mwezi Julai.

Sikuiti katili. Nimeishi na mume mrushaji miaka arobaini, na siku za namna ile hata mimi niliangalia pembeni nisikutane na macho yake. Ulifanya ulichofundishwa tangu utotoni, na pengine Corey ataelewa siku moja. Lakini kumwacha mzee wa watu abebe lawama yako huku anakufulia jezi, hilo hukufundishwa na mila yoyote. Ni woga wako, na unanisikitisha.

Leo hii nenda kwa Gus umwombe radhi. Kisha mwambie Corey yote, pamoja na lile swali la Gus ambalo hukulijibu. Usimwambie ulifanya kwa faida yake. Usilie mbele yake ili akuonee huruma. Akikutukana, nyamaza. Akikataa kurusha Jumamosi, tutafungwa, na mji huu umeshafungwa mara nyingi ukaendelea kuishi. Ukitoka hapo, ingia kwa meneja ukamsafishe Gus jina kabla Jumapili haijafika. Na mpira ule mrudishie mwenyewe, si wako.

Siku ile nilikuwepo uwanjani. Nilimwona kijana yule mwisho wa benchi, hana mtu kando yake, nikapiga makofi nikidhani mnamheshimu. Hata leo, moyoni mwake, bado yuko palepale, peke yake. Nenda ukakae karibu naye, useme.