Chumba cha Mama, Ghorofa ya Tatu

Burnsville, Minnesota
11 Januari 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi inayouma masikio. Mguu unaendeleaje? Na mdogo wangu Stacy, amepunguza ule muziki wake au bado anakunyima usingizi? Sisi tu wazima. Tumbo linakua, mgongo unalalamika kidogo, na mkweo Duncan anakusalimu kwa heshima zote.

Mama, tumepewa funguo. Nimeshika funguo za nyumba yangu mwenyewe na sijui nianzie wapi kukueleza. Iko St. Louis Park, ghorofa ya tatu. Huku wanaiita condo: unanunua vyumba vyako, lakini ngazi, paa na maegesho ni vyenu nyote mnaoishi kwenye jengo. Ni ndogo. Ina sebule, jikoni ya kutosha mtu mmoja na sufuria yake, chumba kimoja cha kulala, na choo kimoja chenye bafu. Aliyeishi humo kabla yetu alikuwa ajuza aliyependa rangi ya kahawia kuliko watu. Zulia kahawia, makabati kahawia, mapazia kahawia. Niliingia nikasimama katikati nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Fundi hatumwezi. Huku ukimwita tu aje autazame ukuta, umeshamlipa. Kwa hiyo tutaitengeneza wenyewe, mimi na Duncan, siku ambazo hatuko zamu. Nyumba ya kupanga hapa Burnsville tunayo mpaka mwisho wa Mei, basi nafasi ipo ya kufanya kazi bila kulala kwenye vumbi. Rafiki yangu Susan, nesi mwenzangu, alijitengenezea jikoni yake yote kwa kutazama video. Yeye aliweza, na bado kucha zake ni ndefu. Mimi nitashindwaje?

Mama, mtoto anatarajiwa katikati ya Juni. Visa unayo, ile uliyopata kwa ajili ya harusi yetu kabla mguu haujakuangusha. Njoo unipokelee mtoto. Miaka tisa sijakuona ila kwenye simu. Nakuomba.

Mwanao,
Kerubo


Nakuru
30 Januari 2025

Binti yangu Kerubo,

Nakujulia hali wewe na huyo aliye tumboni. Mguu ni mzima, mwenye kasoro ni daktari anayeutazama. Stacy ndiye atakayeipiga picha barua hii akutumie, maana nikiandika kwa simu kidole changu kimoja kinagusa herufi tatu na unapokea upuuzi.

Nimeisoma barua yako nikiwa dukani, cherehani ikingoja, mteja akingoja, nami nikatabasamu tu. Nikamwambia yule mteja, mwanangu amenunua nyumba Marekani. Akaniuliza kama ni ya ghorofa. Nikasema ndiyo. Sikumwambia kwamba ghorofa zilizobaki zina wenyewe.

Sasa nisikilize. Mapazia usinunue. Mama yako ameshona mapazia ya nusu ya mji huu, si wewe utakayenunua mapazia ya dukani. Nitumie vipimo vya madirisha, urefu na upana, na usipime kwa mkono kama ulivyozoea.

Kuhusu kuja, moyo umeshapanda ndege. Lakini nauliza kama mama: chumba ni kimoja, choo ni kimoja, na mkwe wangu anaishi humo humo. Mimi nitalala wapi? Fikiria kabla hujanijibu.

Usipande ngazi na hilo tumbo.

Mama yako


Burnsville
27 Februari 2025

Mama mpendwa,

Hujambo? Natumaini joto la Nakuru limekuhurumia. Hapa theluji imefika magotini, nami nafungua madirisha ili harufu ya rangi itoke. Usigombe. Ni rangi ya maji, na Duncan ndiye anayepaka juu. Mimi napaka kuanzia kiunoni kushuka.

Ungeiona, Mama. Zulia tulilibingirisha tukalishusha ngazi zote, Duncan mbele, mimi nyuma nikitoa amri. Chini yake kulikuwa na saruji tupu. Kuna duka la vifaa vya ujenzi vilivyobaki kwenye nyumba za matajiri, na huko tukapata vibao vya sakafu vya kupachikana. Havikutosha, tukachukua vya aina nyingine, sasa sakafu ya sebule ina mistari miwili ya rangi nyeusi katikati kama pundamilia mvivu. Kila anayeingia anadhani tulikusudia, nasi tumeacha kumkosoa.

Makabati niliyapiga msasa mpaka nikaota msasa. Sasa ni kijani kilichoiva, kama parachichi. Rangi hiyo kuna mtu aliiagiza, ikachanganywa, akaikataa, na duka likaniuzia kwa bei ya kutupa. Drili na nyundo tunaazima mahali wanapoazimisha zana kama maktaba ya vitabu. Mama, nimetoboa ukuta. Mimi mwenyewe. Nimetundika rafu na haijaanguka, ingawa ukiweka yai juu yake linapata safari.

Na sasa jibu la swali lako. Chumba cha kulala ndicho chako. Nimekipaka rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai kidogo. Kitanda chetu tumeshakihamishia huko, kile kikubwa cha mbao tulichonunua tulipooana, na nimekitengenezea ubao mpya wa kichwani kutoka kwenye mlango wa zamani. Wewe utalala hapo kama malkia, sisi tutalala sebuleni. Nakutumia picha. Susan alipoiona alisema hata hoteli haina chumba hiki. Nimefurahi mno, Mama, hata zamu ya usiku siioni ndefu.

Vipimo vya madirisha viko chini ya picha. Nilipima kwa futi, si kwa mkono.

Mwanao,
Kerubo


Burnsville
29 Machi 2025

Mama,

Habari za siku nyingi? Nimepiga simu mara kadhaa na kila mara Stacy anasema uko kanisani. Kanisa gani linaanza Jumanne asubuhi na kuisha Alhamisi?

Kama unaumwa niambie. Kama nimekosa niambie pia. Picha uliiona, alama za buluu za kusomwa ninaziona kwenye simu. Nilidhani utanipigia siku hiyo hiyo na kuanza kuzikosoa kona nilizopaka vibaya. Badala yake kimya, na mimi hapa sina raha. Brashi naishika na kuiweka chini.

Mtoto anapiga teke sana. Nakusubiri.

Kerubo


Nakuru
12 Aprili 2025

Kerubo,

Nakusalimu. Siumwi.

Nilinyamaza kwa sababu nikiwa na hasira naandika vibaya, na Stacy anasoma kila kitu anachopiga picha. Alipoifungua ile picha hapa dukani walikuwepo jirani yetu Mama Griffins na shemeji zangu wawili. Wakasema, lo, chumba kizuri, cha nani? Stacy kwa kiherehere chake akasema, ni cha Mama, na hicho ndicho kitanda cha Kerubo na mumewe. Nilitamani cherehani inimeze.

Mwanangu, nani alikulea? Kitanda unacholala na mume wako, nikalale mimi? Niinue miguu yangu niweke pale? Hata ukikipaka rangi ya peponi, hata ukikivalisha shuka za waziri, ni kitanda chenu. Najua unalijua neno chinsoni, umelisikia tangu ukiwa mgongoni mwangu. Ni ile aibu njema inayomfanya mkwe apite njia nyingine akiniona. Duncan nimemwona mara moja tu, siku alipokuja bila wewe kuleta mahari, naye aliangalia viatu vyake kwa adabu mpaka nikampenda. Leo nimlalie kitandani?

Sikulaumu sana. Ulitaka kunipa kilicho bora, nalijua hilo, na ndiyo maana limeniuma zaidi. Mtu akikutukana unamjibu. Akikuheshimu namna hiyo unabaki mdomo wazi.

Nimefikiria kulala kwa binamu yako Gilbert huko Burnsville. Lakini mtoto akilia saa mbaya, nitasubiri nani aje kunichukua na gari? Nitakuwa mgeni anayekuja kunywa chai. Basi afadhali nibaki. Mapazia nimeshona, nitampa mtu anayesafiri akuletee.

Mama yako


Burnsville
14 Aprili 2025

Mama yangu,

Salamu zangu zipokee hata kama bado umenuna. Nililia, nikampa Duncan barua asome. Alisoma, kisha akasema, mama yako ana haki, na mimi niliona aibu kukuambia. Nikamuuliza, ulikuwa unaijua aibu hiyo wakati unanisaidia kukipandisha kitanda ngazi zote tatu? Akasema alidhani Wakisii wa mjini mmeacha.

Basi sikiliza. Jana tumekishusha. Kimeondoka chote, godoro, mbao na ule ubao wa mlango nilioupenda. Tumempa Donatille, mama mmoja kutoka Bukavu anayesali nasi, aliyefika juzi na wanawe wakilala kwenye mazulia. Alitubariki kwa Kiswahili chake kitamu mpaka Duncan akasahau maumivu ya mgongo.

Halafu nikasimama kwenye chumba kitupu, Mama, nikakumbuka jambo. Sisi hatujalala kwenye nyumba hiyo. Hata usiku mmoja. Tunapaka, tunapigilia, tunafunga, tunarudi Burnsville. Kitanda kilikuwa chetu, lakini chumba hakijawahi kuwa cha mtu tangu tulipokinunua. Je, ukiwa wewe wa kwanza kulala humo? Uingie kwanza, uchague, ulale, ndipo sisi tuje nyuma yako na kukuta chumba kina mwenyewe. Tutalala sebuleni, si kwa kukupisha, bali kwa sababu chumba ni chako tangu mwanzo.

Kitanda nakutengenezea kipya. Nimeshakata mbao. Duncan haruhusiwi hata kushika skrubu. Na mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Lazima tu ufike kabla mkataba wetu wa kupanga haujaisha mwisho wa Mei. Ukikataa hata hili, nitaelewa. Lakini nitajifungua bila mama yangu, na hilo sitaki kulisema kana kwamba ni jambo dogo.

Mwanao,
Kerubo


Nakuru
20 Aprili 2025

Mwanangu,

Pasaka njema kwako, kwa tumbo, na kwa mkwe wangu mwenye mgongo.

Barua yako niliwasomea Mama Griffins na wale wale shemeji. Walibishana mpaka chai ikapoa. Mmoja akasema, nyumba ni ya mkwe hata ilale tupu mwaka mzima. Mwingine akasema, hapana, anayelala wa kwanza ndiye mwenye chumba. Mimi nikawaacha wabishane, nikaenda kulipia tiketi. Nafika tarehe ishirini na saba Mei, jioni.

Sasa masharti. Mtu yeyote asijinyooshe kwenye chumba hicho. Hata wewe ukiumwa na mgongo, kaa chini sebuleni. Susan naye asilale akijaribu godoro. Na hicho kitanda chako ukikalie kwanza kwa nguvu, sitaki kuvunjika nyonga ugenini.

Choo bado ni kimoja. Hilo nitalijua nikifika.

Nimeanza kufunga mizigo na bado mwezi mzima. Stacy ananicheka. Mwache acheke, yeye haendi popote.

Mama


Hospitali
22 Mei 2025

Mama,

Mtoto amekutangulia. Msichana, mdogo, mzima, ana sauti ya kuuza samaki. Mimi ni mzima pia. Naandika kwa mkono mmoja.

Daktari anasema tutatoka Jumamosi. Tutarudi Burnsville kati ya maboksi, ingawa St. Louis Park kila kitu kiko tayari na karibu na hospitali. Duncan aliuliza mara moja tu kama tungeweza kwenda huko. Nilimtazama, akasema, haya, nimesikia. Chumba bado kimefungwa.

Njoo, Mama. Njoo tu.

Kerubo


St. Louis Park
8 Juni 2025

Kerubo mwanangu,

Umelala hapo sebuleni na mtoto kifuani, sitaki kukuamsha. Nakuandikia hapa jikoni kwa sababu jambo hili mdomo wangu umekataa kulisema tangu nilipofika, na mkono umezoea.

Kwanza, sijambo. Kitanda hakijavunjika. Kinalia kidogo nikigeuka, lakini hata mimi nalia nikigeuka. Mapazia yameenea sawasawa isipokuwa lile la sebuleni, na kosa si la vipimo vyako, ni la mkasi wangu. Hayo makabati ya parachichi nilidhani nitayachukia. Asubuhi jua likiingia nakaa nayatazama tu. Umefanya kazi, binti yangu. Mimi niliyekuambia usipime kwa mkono, najivunia.

Sasa kilichonisumbua. Mume wako haogi hapa. Anaoga kazini, anarudi nywele zimelowa. Anaingia akiniamkia huku amegeukia ukuta, anambeba mtoto, anatoka. Chakula nilidhani anakula kazini. Leo nimesogeza pazia niliangalie lile pindo nililolikosea, nikaona gari lenu pale chini. Yumo ndani. Ameweka sahani kwenye usukani, anakula peke yake ule ugali wangu uliompakulia.

Kerubo, nimesimama dirishani hapo mpaka mguu ukauma. Mtu amebeba zulia, amebeba kitanda kupanda na kushuka, amepaka dari hii yote, halafu anakula maegeshoni ili mimi nisione aibu. Hiyo ni heshima, na sijawahi kupewa kubwa kuliko hiyo. Ameshanipa ya kutosha. Mama Griffins na wenzake watasema watakayosema, wao hawapo hapa.

Maji ya kuoga nimemwekea, na taulo safi iko mlangoni. Nimepakua samaki, na sahani nimeziweka mezani tatu. Amka uende dirishani, umwite mwanangu Duncan apande juu tule.

Mama