Direkteri Mupya wa Fizi

Fizi, 10 Septemba 1957

Kwa dada yangu mukubwa, yaya Marthe, kule Baraka,

Ndagala zako zilifika muzuri, batoto bakazimaliza kwa siku mbili. Huku mvua imeanza, na muke wangu amekwisha kupanda maharagi.

Yaya, umwambie mama asichinje ule mbuzi wa sherehe yangu. Tangu Padri direkteri aliporudi Ulaya, ni mimi niliongoza hii shule ya kufundisha bamwalimu mwaka muzima. Nilijenga darasa mbili, na banafunzi bote bakashinda mitihani. Bapadri bakaniahidi kile kiti cha direkteri. Sasa bameleta Muzungu wa miaka makumi mbili na tano! Jana inspekteri alizunguka, akaipenda kazi, akamushukuru huyo Muzungu, mwenye alikuwa na siku ine tu tangu afike. Mimi nikaambiwa nilete viti.

Kiswahili hajui, programu ya masomo hajui. Ananiambia kwa Kifaransa: “Raphaël, we andika, mi nitasaini.” Leo nimemuandikia barua saba, na zote ziko na jina lake chini.

Hii ya munane ni yangu. Uisome kwa sauti mbele ya mama, mupaka chini kabisa.

Mudogo wako,
Raphaël Wilondja