Fundi wa Paa

Kambini, 4 Juni

Mama,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekupa nafuu na mkweo, yaani mke wangu, hajambo. Mimi mzima, ila vumbi la saruji limehamia kooni na halina mpango wa kuhama.

Najua nilikukatia simu. Usiniambie ilikuwa mtandao, nakujua unapenda kunitetea. Nilikata mwenyewe kwa sababu ningesema maneno ambayo mtu hamwambii mama yake. Barua hii anakuletea dereva wa lori, yule anayeitwa Mluzi, kwa kuwa kila wiki anapita hapo barabarani kwenu. Na yeye ndiye chanzo.

Mluzi alikuja kupakia mifuko, akaniambia kwa furaha zake: "Nimewaona wazee wako kwenye bwawa, wamekaa nyuma ya pikapu wanakula ndizi. Wastaafu wanakula maisha!" Nikafurahi. Kisha akasema: "Na yule mdogo wako wa kike, yule mwenye alama shavuni." Nikamwambia sina mdogo wa kike. Akasema: "Sasa yule aliyekuwa anasema 'Baba, nimenyie na hii' ni nani?"

Mama, yule ni Kidoti. Yule ni binti yangu. Na huyo baba aliyekuwa anammenyea ndizi ni baba yangu.

Nieleze. Mtu aliyeendesha greda maisha yake yote, akichonga barabara za watu huku yetu ya kwenda shule ikiwa tope, akija nyumbani mara moja kwa mwaka kama mkaguzi. Leo amestaafu, amepata pikapu, amepata nafasi ya bwawa na ndizi, na amepata mtoto wa kumwita baba. Wangu. Mimi alinimenyea ndizi lini?

Mwambie aache. Mtoto afundishwe kusema babu. Si jambo kubwa, ni herufi moja tu.

Mwanao

*

Nyumbani, 11 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yako palepale, asante kwa kuyauliza kabla ya kunipigia kelele. Hapa wote wazima. Mkeo bado yuko pale pale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, anafua mashuka ya watu zamu mbili. Nimemuuliza kama ana neno la kukuandikia. Amesema hana, atakuambia ukija. Alivyolisema, ningekuwa wewe ningejiandaa.

Sasa na mimi nikuambie, maana umepata wa kumlalamikia na mimi sina.

Wewe unadhani baba yako amekuja kustarehe. Mimi nimeletewa mtu wa kambini. Asubuhi anaamka kabla ya jogoo, anatandika kitanda upande wake tu, mimi bado nimelala upande wangu. Akila anaosha sahani yake na kijiko chake, anavifuta, anakwenda kuviweka chini ya kitanda. Sahani zangu zikipotea naenda kuzikamata huko. Na sabuni! Ana kipande chake cha sabuni, anakifungia kwenye lile sanduku la bati, kwa kufuli, na ufunguo uko shingoni. Katika nyumba yangu! Nilimuuliza: "Mwizi ni nani hapa, mimi au mtoto?" Akasema: "Simshuku mtu. Nimezoea." Nimeishi na picha yake ukutani miaka yote, na picha ilikuwa haina mambo haya.

Hizo safari unazozionea wivu, uliza ni safari gani. Dada yako alipokuja likizo na mume wake na watoto, nyumba ikajaa mpaka ukumbini. Baba yako akatupakia wote kwenye pikapu, tukasema tunakwenda kuona nchi. Tumeona kalavati. Kila mkondo wa maji anasimama, anashuka, anaingiza kichwa chini ya barabara, anarudi anasema: "Hili nililisawazisha mimi, halijazama." Dada yako anapiga makofi. Mimi kimoyomoyo nahesabu: hili ni la mwaka ulipovunjika mkono, lile ni la mwaka nilipomzika mama peke yangu. Anajivunia barabara, na mimi kila kona naona nilivyokuwa peke yangu.

Na neno lako hilo. Hakufundishwa na mtu. Watoto wa dada yako walikuwa wanamwita baba yao kutwa nzima: baba hiki, baba kile. Kidoti akawasikiliza kama siku mbili, kisha akamgeukia mwanamume aliyekuwa karibu. Ulitaka amgeukie nani? Wewe kwake ni simu inayokoroma na ikichoka inakatwa.

Mkataba wako unaisha mwisho wa Julai. Unakuja au huji? Nijibu hilo, si herufi.

Mama yako

*

Kambini, 19 Juni

Mama,

Shikamoo. Nimepata barua, Mluzi amenikabidhi huku anacheka, kwa hiyo naona uliifunga vibaya. Natumaini mu wazima.

Ya sabuni nilicheka. Wenzangu wakaniuliza kinachochekesha, nikawasomea, na hakuna aliyecheka. Kila mmoja ana kufuli lake hapa. Basi nikaikunja barua.

Umeniuliza kama nakuja. Nyapara ameniita ofisini. Amesema watu wanaojua mashine ya kufungashia wamebaki wachache, nisaini miaka miwili mingine. Amenipa fomu na kalamu, na kalamu nimekuja nayo. Nilikuwa sitaki. Sasa najiuliza, nakuja kufanya nini? Kiti changu kina mtu. Mtoto ana baba tayari, tena ana gari. Mke wangu hana la kuniandikia. Nije niwe nani hapo, mpangaji?

Unataka nimwonee huruma mzee kwa vile anaweka sahani chini ya kitanda. Mimi nilimwonea huruma miaka yote. Nilikuwa nakaa kwenye lile jiwe la barabarani kila likizo ya shule kumsubiri, na yeye alikuwa akija anauliza: "Huyu yuko darasa la ngapi?" Anakuuliza wewe, Mama. Hakuniuliza mimi, na nilikuwa nimesimama hapohapo. Mtu hawezi kukosa utoto wangu halafu akapewa wa binti yangu kama kiinua mgongo.

Mwambie hivi. Kama barabara zote anazijua, hii inayokuja huku haijui? Si ina lami mpaka getini? Aje anitazame usoni aniambie yeye ndiye baba wa Kidoti. Na kama hawezi, anyamaze na amfundishe mtoto kusema babu.

Mwanao

*

Kambini, 8 Julai

Mama,

Leo sisalimii sana. Tumeonana juzi, najua mu wazima.

Wiki mbili sikupata jibu, nikadhani nimewanyamazisha. Kumbe mlikuwa mnapaka pikapu mafuta.

Ningejua mnakuja ningenawa. Mlinzi alikuja mpaka kwenye mashine akasema: "Una wageni getini, mzee mmoja, mama mmoja na katoto." Nikakimbia nilivyo, kofia ngumu kichwani, kitambaa puani, saruji mpaka kwenye kope. Nilikimbia, Mama. Uliniona. Tangu nifike hapa sijawahi kukimbilia kitu isipokuwa chakula.

Na Kidoti amesimama kati yenu na lile gauni la njano. Nimechuchumaa mbele yake. Nimeshusha kitambaa. Na yeye, kwa adabu yote mliyomfunza, akaweka mkono kichwani akasema: "Shikamoo, mjomba."

Mjomba!

Kisha akamshika babu yake suruali.

Wewe ukaanza: "Hapana mama, huyu ni..." na mimi nikakuambia mwache. Baba yeye alikuwa anafanya nini wakati huo? Alikuwa anakagua tairi. Mtu amesafiri kutwa kuja kunitazama usoni, amefika anatazama tairi! Nikamuuliza: "Mzee, nimekuita uniambie neno." Akasema: "Barabara yenu hii wameibana sana pembeni, itamomonyoka." Hilo ndilo neno. Ndiyo maana niligeuka nikarudi ndani. Usiseme niliwafukuza, sikuwafukuza. Nilirudi kazini. Zile ndizi mlizomwachia mlinzi amekula yeye na wenzake.

Nyapara anataka fomu Jumamosi. Nitampa ikiwa na saini. Nimewaambieni mapema ili msije mkasema mlisikia kwa Mluzi.

Mwanao

*

Nyumbani, 11 Julai

Mwanangu,

Sijambo, hawajambo, na wewe najua hujambo kwa sababu una nguvu za kununa. Nimemwambia Mluzi asilale popote mpaka barua hii ikufikie kabla ya hiyo Jumamosi yako. Ameapa. Na safari hii nimeifunga kwa uzi.

Nina hasira na wewe na nina hasira na baba yako, na kwa mara ya kwanza nina hasira na mimi mwenyewe, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Tuliondoka getini kwako. Kidoti akalala mapajani mwangu. Tukapita kalavati la kwanza, baba yako hakusimama. La pili, hakusimama. Nikajua kuna jambo. La tatu akasimama, akazima gari, lakini hakushuka. Mikono iko palepale kwenye usukani. Akasema:

"Hakukuwa na fundi wa paa, eti?"

Nikasema: "Fundi gani?"

"Unamjua."

Namjua. Na wewe sasa utamjua, ingawa niliapa sitakuambia.

Ulikuwa wa umri wa Kidoti. Baba yako alikuja likizo bila taarifa. Wewe ulikuwa unacheza mlangoni, ukamwona anakuja na sanduku lake, ukaingia jikoni mbio ukipiga kelele: "Mama, yule mgeni wetu amekuja tena!" Nilipogeuka, alikuwa amesimama nyuma yako. Amesikia kila kitu. Nikacheka, nikasema: "Huyu anamsema fundi wa paa, yule anayekuja kuziba matundu." Hatukuwa na fundi wa paa. Paa lilikuwa linavuja mpaka kwenye chungu. Baba yako akalitazama paa, akatazama chungu, akasema, "Ahaa, fundi." Likizo ile hakuimaliza. Alisema wamemwita kazini. Hakuna aliyemwita.

Basi ameendesha greda maisha yake yote na uwongo wangu mfukoni, akijifanya ameuamini ili nisione haya. Ndiyo maana alikuwa ananiuliza mimi uko darasa la ngapi. Alikuwa anakuogopa, wewe mtoto wa kaptula. Aliogopa akikuuliza wewe, utamjibu kama mgeni.

Nikamwambia ukweli pale kwenye kalavati. "Hakukuwa na fundi." Akasema: "Nilijua. Na leo mwanangu ameitwa mjomba mbele yangu, na mimi sikuwa na uso wa kumtazama, kwa sababu najua linavyouma na sina dawa yake." Nikamwambia: "Ungemwambia yeye hayo, badala ya habari za tairi!" Tukagombana mpaka Kidoti akaamka. Sijawahi kugombana naye hivyo. Nilikuwa sina nafasi, alikuwa hakai.

Sikuandikii haya umsamehe. Mimi mwenyewe sijamsamehe, niko naye jikoni hapa nimemnunia. Nakuandikia ujue hiyo kalamu ya nyapara inasaini nini. Una hasira kwamba hukumenyewa ndizi. Ni haki yako, kaa nayo. Lakini Kidoti naye anakua, na hasira yake itakuwa na jina lako.

Mambo mawili yametokea tangu turudi. Kidoti akimwita baba, anajibiwa: "Mimi ni babu. Baba yako ni yule mwenye vumbi." Mtoto anauliza: "Yule mjomba?" Naye anasema: "Huyohuyo." Kila siku wanalirudia kama somo.

La pili, leo nimekwenda bombani nimekuta sabuni yake iko wazi kwenye kisahani, karibu na yangu. Nimeiacha palepale. Mchana amekwenda kuichungulia kama ipo. Ipo.

Saini au usisaini, wewe ni mtu mzima. Mimi nimechoka kuwatungia wanaume mafundi.

Mama yako

*

Kambini, 14 Julai

Mama,

Shikamoo. Mluzi amefika. Barua imefika na uzi wake.

Fomu nimemrudishia nyapara pamoja na kalamu. Akasema nitajuta. Nikamwambia bora nijutie nyumbani. Namalizia mwezi, kisha naondoka.

Baba bado nina neno naye, na ni refu, mwambie asidhani barua yako imelifuta. Lakini nitamwambia mezani, na safari hii hakuna tairi la kutazama. Mke wangu mwambie nimejiandaa, na kama sikujiandaa atanionea huruma. Kufuli nimemwachia anayelala kitanda cha chini yangu, na sabuni yangu pia. Hiyo iliyo bombani itabidi itutoshe wote.

Kidoti usimwambie ni nani anakuja. Usimvalishe gauni la njano, usimkaririshe salamu. Nitabisha hodi kama watu wengine. Akikimbilia jikoni akasema, "Bibi, yule mgeni amekuja," wewe endelea kukoroga unachokoroga. Usicheke. Usimsahihishe. Usimwambie ni fundi wa paa.

Mwache aniite mgeni. Nitakaa hapo mpaka achoke kuniita hivyo.

Mwanao