Nilivyomkemea Pepo wa Kikorea

Wifi yangu Mama Baraka,

Bwana asifiwe! Huku Bloomington theluji inafika magotini, lakini mimi ni mzima, nakula vizuri, na nina la kukuchekesha.

Jumamosi mchana Neema alinipeleka sinema pamoja na nesi mwenzake, mama wa Kimarekani wa rika letu. Picha yenyewe ya Kikorea, ya mapepo. Mlangoni mwanangu akanisihi, "Mama, tafadhali, humu hakuna kukemea." Nikamwahidi, maana tangu nifike naona ananionea haya, hata kusali nami hataki.

Wifi, watu wazima walijificha nyuma ya bisi! Pepo lilipomkaba bibi harusi, nikajikuta nimesimama. "Mwachie! Toka kwa jina la Yesu!" Kisha Mkongomani mmoja huko nyuma akaitikia, "Amina, mama! Usimwachie!" Watu wakacheka mpaka bisi zikamwagika. Neema akajifunika koti usoni.

Nikatoka nimenywea. Kwenye maegesho yule nesi akanishika mkono, akasema picha imemtia hofu, hawezi kuendesha gari kabla sijamwombea. Nikaomba, Neema akitafsiri neno kwa neno, theluji ikituangukia. Nikasema amina. Mtoto hakuishia hapo, wifi. Akaendelea kuomba mwenyewe, kwa Kiswahili, akamtaja na shangazi yake, yaani wewe.

Wabusu watoto wote. Bwana akufunike kwa blanketi zito kuliko langu la huku.

Mama Neema