Pikipiki Isiyosikika

Jumatano, baada ya Isha

Na bado siipendi pikipiki ya umeme, ingawa mwalimu anasema haichafui hewa ya Kigali. Ile ya petroli nilikuwa nikiisikia tangu ikipanda kilima, nikajua Baba amemaliza kubeba abiria na amerudi salama. Hii mpya haisikiki hata ikifika mlangoni.

Leo mvua imenyesha tangu alasiri. Nilimpigia Baba, hakupokea. Nikapiga tena. Nikaanza kuwaza mambo ambayo sitaki kuyaandika.

“Mama, hapokei.”

“Akipokea huku anaendesha, hapo ndipo uogope,” Mama alisema. Lakini naye alikuwa amesimama dirishani.

Mara mlango ukafunguliwa, Baba akaingia ameloa chapachapa. “Mbona mnanitazama kama mgeni?”

Nilimwomba awe anapiga honi akifika kwenye kona.

“Majirani wanifukuze, binti yangu?” Akacheka. Kisha akaniangalia vizuri. “Haya. Mara moja tu, kila jioni.”

Nilifurahi sana. Sasa ninapoandika, naogopa zaidi. Mpaka leo ukimya wa barabarani haukuwa na maana yoyote. Kuanzia kesho, honi isipolia, utakuwa nayo.