Inkongoro ya Mu Château

Furaha mutoto wangu,

Nakusalimia kwa upendo wa Yesu, weye na watoto wako pale Kasenga. Kikohozi cha kale katoto kadogo kimeisha? Maji munachemsha? Usinijibu «tuko muzuri» tu, nijibu kimoja kimoja. Minye mwili iko muzima, ila roho inachemka. Nakuandikia mbio, mbele watu hawajakufikishia habari ya kupindika.

Unajua nafanya usafi mu château, ile nyumba kubwa ya mawe ya watawala wa zamani, juu ya kilima cha huu muji mudogo wa Cheki kwenye kaka yako alinileta. Chini iko soko ya viazi na asali, mara moja kwa juma. Watu wanapanda kutazama vitanda vya wafu na vichwa vya nyama ya pori vyenye kutundikwa ku ukuta. Minye nafagia, sisemi kitu.

Siku ya tano, Ijumaa, shefu wangu wa kazi, mama Vera, akanituma mu chumba chenye nilikuwa sijaingia bado. Furaha! Chini, pembeni ya mulango, nakuta inkongoro. Chombo cha maziwa, cha muti, kabisa kama ile ya koko yako, mama yangu, kule Rurambo! Mababu ya wenye château waliileta toka safari, ata hawajui waliitoa kwa nani. Wamechomeka maua makavu ndani, watalii wanatupiamo makaratasi ya bonbon, zile pipi. Chombo cha maziwa! Chini, kwenye viatu vinapita!

Nikaibeba. Nikaiosha na maji ya moto mu chumba kwenye tunakunywaka chai, nikatafuta majani makavu, nikayawasha mu sahani, nikaifukiza vile tunafanyaka kwetu. Nikasahau ile mashine yenye inasikia moshi. Ikalia! Watalii wote mbio mpaka inje.

Mama Vera akaingia: «Unachoma vitu vya château! Ulikuwa unaipeleka wapi?»

Na Kicheki yangu ya kuvunjika nikamujibu: «Mwizi anaoshaka kwanza chenye anaiba?»

«Lakini ile ni ya maua.»

«Ya maua! Weye utaweka takataka mu kikombe cha mama yako?»

Kisha akasema nirudishe maua. Nikakataa, nikaiweka juu ya kabati.

Kaka yako ananigombeza: «Mama, omba tu pardon, kazi utaipata wapi ingine?» Na rafiki yake mumoja ameisha kupiga simu kule kwetu Nyamianda, eti mama wa watu ameshikwa na mali ya château. Minye! Na uzee huu!

Siku ya kwanza yenye inakuja, Jumatatu, wananiita mu biro, ofisi ya wakubwa. Kwa ile moshi nitaomba pardon, juu watoto wa watu waliogopa. Kwa inkongoro, siombi. Wanifukuze.

Salamia koko yako, umuulize ni majani gani anafukiziaka, ya huku yananuka soksi. Salamia bwana yako na mama muchungaji. Lakini kwanza pita Nyamianda kwa tantine yako, dada ya baba yako. Usome hii barua kwa sauti, mulango wazi, majirani wasikie ya kwamba sikuiba.

Minye mama yako mwenye anakupenda.